Kikapu cha Mabawa

Ijumbi, Muleba,
3 Desemba 1974.

Dada yangu mpendwa Adventina,

Tumsifu Yesu Kristu. Huku mimi na binti zangu watatu tunapumua, ila tumekonda. Je, wewe, shemeji na watoto hapo Miembeni mnaendeleaje? Nasikia hata mjini mnapanga foleni ya sukari. Poleni sana.

Migomba yetu imeliwa na wadudu, na unga wa njano katika duka la kijiji huja siku moja kwa mwezi. Tunakula mihogo asubuhi na jioni. Mikungu michache inayopona, mume wangu Mutalemwa anaipeleka kilabuni wambadilishie kwa pombe ya rubisi. Nikimuuliza watoto wale nini, ananijibu kuwa Serikali imesema tujitegemee. Hebu msikie!

Mwezi uliopita senene, wale panzi wetu watamu, walianguka. Tulidamka alfajiri tukaokota, tukanyonyoa mabawa na miguu, nikakaanga. Mutalemwa akaketi na rafiki zake wakawamaliza. Georgina, kitindamimba wangu, alinyoosha mkono achukue mmoja tu. Baba yake akamzaba kofi, akasema mwanamke hali senene, ndiyo mila. Mtoto ana njaa, dada! Roho iliniwaka, nikaapa atanilipa.

Juzi Jumapili wakaanguka tena. Baada ya misa Mutalemwa akaalika wanaume wa ukoo, hata baba mkwe, waje kula senene kwake. Nikawanawisha mikono kwa adabu zote, nikamwekea Mutalemwa mbele kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba.

Sasa nakuungamia wewe, maana kwa padre sijaenda na wala siendi. Senene wote tulikuwa tumewala jikoni, mimi na wanangu, mlango tumeufunga, mpaka Georgina akacheua. Mutalemwa alipofunua kikapu alikuta mabawa na miguu mitupu. Weee! Ungeiona sura yake! Baba mkwe aliuliza kama hicho ndicho chakula anachowaitia watu. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, nami nilifurahi, sikufichi.

Alitishia kunirudisha kwa baba yetu. Nikamwambia anirudishe, ila msimu ujao aokote na anyonyoe mwenyewe. Jana akaleta mkungu mzima jikoni, akautua karibu na meko. Nimeupika, watoto wameshiba. Yeye sikumpakulia.

Privatus, mleta barua hii, ana kikopo cha senene wako, niliowaficha siku ile kabla hatujawamaliza. Kula na binti zako, shemeji asikuone. Wasalimie wote.

Mdogo wako akupendaye,
Kokuhirwa