Vikopo vya Mama Riziki

Jumatatu, 6 Mei
Maharage tena. Saa saba, kama kawaida. Mama Riziki, jirani, amenipitishia kikopo juu ya ukuta wa mawe: "Muzee, pokea, ni moto." Kisha akarudi kwa wateja wake. Anauzia chakula mlangoni kwake. Tangu Anjelina wangu afariki, hiyo ndiyo sauti pekee ninayoisikia mchana kutwa.

Jumanne, 7 Mei
Sombe, majani ya muhogo. Kikopo cha plastiki cha margarini kama cha jana, chembamba, kimepinda kwa joto. Mawese yameacha duara jekundu ndani. Nimesugua mara tatu, halitoki. Nimefundisha kemia miaka thelathini: ikiwa rangi ya mafuta inaingia kwenye plastiki, vilivyomo ndani ya plastiki navyo vinaweza kuingia kwenye mafuta. Joto huharakisha. Kikopo hiki kilitengenezewa kitu cha baridi, tena kwa matumizi ya mara moja. Mlo mmoja hauui. Lakini kila siku? Na kwake nimeona ndoo ya rangi ya ukuta, imeoshwa, imejaa maharage ya moto. Hiyo ni mbaya zaidi. Watoto wake wanakula humo. Lazima nimweleze.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeeleza. Nimeeleza kupita kiasi. Kikopo mkononi, nikimwonyesha chini yake alama ya pembetatu na namba ya aina ya plastiki, kama niko darasani. Wateja wawili walikuwa pale. Mmoja akaacha sahani yake.
"Sasa Muzee, ndiyo kusema ninakulishaka sumu?"
Nikamjibu kwamba si sumu kwa maana hiyo, nikaendelea kueleza. Mjinga mimi.

Ijumaa, 10 Mei
Saa saba. Hakuna.
Mkate na chai.

Jumapili, 12 Mei
Kwenye misa alinisalimia kwa kichwa tu. Watoto wangu walipiga simu kutoka Kinshasa, mtandao ukakatika. Mchana nimesoma gazeti la zamani kwa sauti, ili mtu asikike humu ndani. Njaa naiweza. Hili jingine siliwezi.

Jumanne, 14 Mei
Nimepanga vikopo vyake mezani. Meza imejaa. Sijarudisha hata kimoja, naye hajawahi kudai. Nimetoa bakuli la Anjelina, la enameli, jeupe, lenye mfuniko. Enameli isiyobanduka haina shida na joto. Nimelikagua, ni zima. Nitampa, awe ananitilia humo. Tatizo litakwisha.

Jumatano, 15 Mei
Halikwisha. Alifunua mfuniko, akatazama ndani, akafunika.
"Muzee, unaniletea sahani tupu?"
Nikaanza habari za enameli. Akanikatiza.
"Sikia, Papa Mualimu. Kikopo, mutu harudishake. Sahani inarudiaka na kitu ndani. Wewe ungetia nini? Chaki?"
Akanirudishia bakuli.
Nilielewa nikiwa nimefika mlangoni kwangu. Anjelina ndiye aliyekuwa akilijaza bakuli hili na kulipeleka kwa jirani. Mimi nilikuwa nakula tu. Mama Riziki alijua kwamba mimi sipiki. Alichagua chombo cha kutupwa ili nisione haya. Mwaka mzima. Mimi nikakigeuza nisome namba chini yake.
Nimeona haya leo. Yote kwa mara moja.

Ijumaa, 17 Mei
Nimepika viazi vitamu. Mbabula, jiko langu la makaa, imenitoa machozi. Makaa yalizima, nikayawasha, yakazima. Chini vimeungua, katikati vibichi. Nimevitia bakulini hivyohivyo, vya moto, nikapeleka. Sikueleza kitu.
Mama Riziki alimega kimoja.
"Mualimu! Hii ni kemia gani? Viazi havijaiva!"
Akawaita watoto waje waone. Walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka, baadaye kidogo. Amebaki na bakuli.
Ile ndoo ya rangi iko mlangoni kwake. Sasa ina makaa, si maharage.

Jumapili, 19 Mei
Saa saba. "Muzee, pokea."
Bakuli. Maharage, na kitunguu juu. Nimekula polepole, nimekaa upande wangu wa meza. Upande wa Anjelina nimeondoa vikopo.
Nimeliosha bakuli, nikalipangusa. Liko mezani, tupu.
Kesho ndizi. Nitaanza asubuhi mapema, makaa yawe yameshika vizuri.