Kanga Aliyoichukua Bi Tatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea nisianze maneno na mkubwa kabla ya kumwamkia, na sitaanza leo. Nakuandikia kwa hati za Kiarabu, zile ulizonisimamia mpaka nikazijua chuoni, maana hizi za Kizungu mpaka sasa zinanishinda kusoma. Barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza niliinuka kwenda kutazama mchele kama umelowa. Mara ya pili nikafagia ua nilioufagia asubuhi. Situlii, mama. Jana nimemaliza deni lako kwa Mzee Hamadi wa dukani, shilingi sabini zote, nami miaka miwili nilikuwa nikijiambia kwamba siku hiyo nitajilaza chali nipumue kama watu. Badala yake hata kukaa kitako kumenishinda.

Bado niko Ngamiani, chumba kile kile cha Bi Mwanaidi, cha pili kushoto ukiingia, ambacho mvua ya masika ikitaka kuvuja huchagua juu ya kitanda tu. Kodi ni ile ile shilingi kumi. Na mwenye nyumba wetu ni yule yule, huja kuidai tarehe mosi kabla kitumbua cha kwanza hakijageuzwa.

Baba alipougua mwaka mzima tulikula kwa kuandikiwa: unga, sukari, mafuta ya taa. Alipofariki tukabaki wawili, na chumba cha kupanga, na deni la dukani. Hapo ndipo ulipoanzisha ile serikali yako ya kanga. Unaikumbuka? Ile ya rangi ya damu ya mzee yenye madoa meupe. Ukiuza vitumbua vyako ulikuwa ukikaa mkekani, unaitandaza, unagawa pesa na kuzifunga nchani. Ncha hii ya Bi Mwanaidi. Ncha hii ya Mzee Hamadi. Ncha hii ya mchele na nazi za kesho. Ncha ya nne ulikuwa huisemei, nami nikikuuliza unaniambia nitazame moto. Pesa ya ncha moja haikuwa na ruhusa ya kwenda kuitembelea ncha nyingine, hata tukilala na uji mtupu.

Mwaka ule wasichana wote wa mtaa walipata makubadhi ya Idi, nami nikakushika kanga na kukuonyesha fundo lilivyovimba. Nikakuuliza, "Mama, si zimo?"

Ukalifunika kwa kiganja. "Zimo. Lakini si zetu, ni za mwenye nyumba. Cha mtu hakiliwi, mwanangu."

Nikaenda Idi miguu mitupu. Mchanga uliniunguza, lakini haya sikuona, kwa kuwa nilijua tunazo, ila tumejinyima wenyewe. Nilitembea kama binti wa tajiri bahili. Bi Mwanaidi naye nilimwona mara nyingi akija na sauti yake ya kuamsha mtaa, wewe umekaa unapepeta mchele, fundo umeliweka juu ya goti. Akilitazama, sauti hushuka. "Basi utaniletea jioni," husema, na kwenda zake. Mimi nilidhani huo ni uchawi. Hukumjibu neno, hukumwomba, hukumwapia.

Nikuambie kweli, kila ninachokijua cha kubana matumizi nimekitoa kwako. Nazi moja kwa siku mbili. Tui zito la vitumbua, tui jepesi la mchicha, machicha kwa kuku wa Bi Mwanaidi ili asituhesabie ndoo za maji. Mkaa unazimwa kwa maji na kuanikwa, kesho unawaka tena. Mpaka leo nikimwona mtu anamwaga machicha naumia kama kamwaga damu.

Kisha nikaolewa huko kwenye mashamba ya katani, na miaka mitatu baadaye nikarudi na talaka yangu na Zena mgongoni, hana hata miezi miwili. Ulinifungulia mlango, ukamtazama mtoto, ukamtazama mzazi, ukasema, "Chumba hakijapungua. Ingia." Homa ilikuwa imenikausha maziwa. Ukawa unaleta maziwa ya kopo, kopo baada ya kopo, nami nikikuuliza unayapata wapi unaligonga fundo kwa kidole. "Ncha zimo. Wewe mlishe mtoto." Nikamlisha. Nilishona kofia, nikakaanga vitumbua pale kifua chako kilipokataa moshi, na kila thumuni niliyoipata nikakupa uifunge. Sikukuuliza hesabu. Nani anamwuliza mama yake hesabu?

Siku uliyoondoka alikuja kukuosha Bi Tatu wa Chumbageni, aliyekwisha kuwaosha nusu ya wanawake wa mji huu. Wewe mwenyewe uliniambia zamani tusimwulize habari za mtu aliyemwosha, kwa kuwa mwosha hasemi alichokiona. Alipomaliza, akatoka na ile kanga mkononi, uliyofia nayo. Akaniuliza, "Na hii, mwanangu?" Nguo aliyofia maiti ni ya mwosha, hilo kila mtu analijua, na mimi nilikuwa sioni mbele wala nyuma. Nikamwambia, "Chukua, Bi Tatu, ni haki yako."

Wanaume walikwenda kuzika. Nilimtuma mjomba asimame kaburini aseme: anayemdai marehemu amdai mwanawe, deni lote liko juu yangu. Nilisikia tangu utoto kwamba roho ya mtu huzuiwa na deni lake, na mama yangu sikutaka azuiwe hata hatua moja. Mjomba aliporudi akaniambia, "Kajitokeza mmoja tu. Hamadi. Anadai sabini."

Hapo ndipo nilipoikumbuka kanga. Nilikumbuka nimekaa katikati ya wafiwa, kikombe cha kahawa mkononi, nikakiinamisha kahawa ikamwagikia mkeka, mama mmoja akanipokea kikombe akidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu, lakini si wa kufiwa peke yake. Kodi ilikuwa mle. Pesa ya Mzee Hamadi ilikuwa mle. Nilizitoa kwa mkono wangu.

Kudai kitu ulichompa mwosha, mama, ni aibu isiyosafishika. Sikudai. Nilisubiri alete mwenyewe. Siku ya tatu ya matanga hakuleta, arobaini hakuleta, nikasema moyoni: kazila. Mwanamke mzima, anaosha maiti, anakula pesa ya deni ya maiti. Nikawa nikikutana naye sokoni, shikamoo yangu haifiki hata mdomoni vizuri. Akiniuliza hali najibu nikitazama nyanya. Akija kununua vitumbua nampa vilivyoungua chini. Naye anavipokea, anasema ahsante, anakwenda. Huko kukaa kimya kwake ndiko kulikonithibitishia wizi.

Miaka miwili kasoro nimelipa shilingi tatu kwa mwezi, ila mwezi wa kwanza nilipopata moja tu. Mwezi mwingine nimelipa kwa kuacha sukari, mwingine kwa kuacha mafuta ya taa, tukala mapema na kulala na kuku. Nilikuwa siombi dua bila kutaja jina lako na jina la Mzee Hamadi pamoja, utadhani mmeoana. Na jana, zikiwa zimebaki shilingi sita, sikuweza kungoja mwezi mwingine tena. Nikachukua tatu za mwezi huu, nikaongeza tatu kutoka ncha ya kodi ya kanga yangu, mimi niliyefundishwa na wewe, nikazipanga juu ya meza yake.

Mzee Hamadi akafungua daftari apige mstari. Nikamwambia, hebu nisomee, nataka nimsikie baba yangu alikula nini kilichotuchukua maisha mazima. Akanitazama juu ya miwani.

"Deni la babako? Hilo mamako alilimaliza kabla hujaolewa."

"Sasa hili?"

Akageuza kurasa, akasoma. Maziwa ya kopo. Maziwa ya kopo. Dawa ya homa. Mchele wa mzazi. Maziwa ya kopo. Yote yalianza wiki niliyorudi na Zena. Nilisimama pale, mama, nikitaja moyoni kila kopo. Nilijitapa kwa watu kwamba nalilipa deni la mama yangu, kumbe nalipa langu.

Na kama ulikuwa ukikopa hata maziwa, ndani ya yale mafundo mlikuwa na nini? Swali hilo lilinitoa dukani moja kwa moja mpaka Chumbageni. Sikupita nyumbani. Nilipofika kwa Bi Tatu nilimkuta anachambua mboga, na nilimwamkia vizuri kwa mara ya kwanza tangu ufe. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaendelea kuchambua. Nikamwambia, nimemaliza deni la mama, nataka unieleze habari ya kanga.

"Umemaliza lote?"

"Lote."

Akanawa mikono. Akaingia ndani, akatoka nayo. Haikuvaliwa hata mara moja, imekunjwa, ina harufu ya udi. Akaniwekea mapajani, akasema, "Sasa fungua."

Fundo la kodi: vikokoto vitatu na kifungo. Fundo la Mzee Hamadi: vikokoto. Fundo la mchele na nazi: kigae cha kikombe, kimesuguliwa kisikate kitambaa. Fundo la nne halikuwa na kitu.

Nikamwuliza, hili la nne lilikuwa tupu tangu mwanzo? Akasema, "Hilo lilikuwa na shilingi mbili za kweli. Zilikuwa ada yangu, mamako aliniambia tangu anaugua. Alisema, nitakufa nadaiwa na kila mtu lakini si na atakayeniosha. Nilizichukua. Nilinunua sukari."

"Na kwa nini hukuniambia, Bi Tatu? Miaka miwili nakuita mwizi moyoni."

"Nilijua. Vile vitumbua vyako vilivyoungua vilikuwa vinaniambia." Akacheka kidogo. "Ningekuletea vikokoto mbele ya watu wa matanga? Mamako alijisitiri navyo mbele ya mwenye nyumba, mbele ya mtaa, mbele yako wewe. Mimi ni nani nimvue akiwa kafa, na bado anadaiwa? Mwosha huoshwa, mwanangu. Na mimi nitakuja kuoshwa, na kuna mambo yangu sitaki yasemwe."

Nililia pale, mama, nikaomba radhi, naye akanisamehe upesi mno, kama mtu anayefukuza nzi, akarudi kwenye mboga zake. Kesho nampelekea vitumbua kumi vya mwanzo, vyeupe, kabla sijauza hata kimoja.

Sasa nije kwako. Nimekukasirikia. Nisikufiche, kwa kuwa kufichana kumetugharimu vya kutosha. Ulinipeleka Idi miguu mitupu kwa ajili ya vikokoto, nami nikajiona tajiri. Huenda ulinipa kitu pale. Mara nasema ulinipa, mara nasema uliniibia, na ndiyo maana nainuka na kukaa. Ungeniambia hatuna, ningeshona kofia mbili zaidi. Ungeniambia maziwa ni ya mkopo, ningeuza hereni za mahari yangu. Ulikuwa unakaa na mimi kwenye mkeka mmoja, goti kwa goti, na peke yako ulikuwa unajua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko sabini. Nakuona ukienda ufukweni kuchagua vikokoto vya saizi ya shilingi, mtu mzima, umeinama, na sikuwapo kukushikia hata kikapu.

Leo asubuhi nimejitanda kanga yako. Kesho ni tarehe mosi na nimepungukiwa zile tatu nilizompa Mzee Hamadi. Sitakudanganya: nilichukua vikokoto vile vitatu, nikavifunga. Mkono ulifanya wenyewe, nami nikajiona niko salama, Bi Mwanaidi aje tu.

Aliyekuja kwanza ni Zena. Sasa anakwenda miaka sita, na ameng'oka meno ya mbele. Anataka peni ya kununua ubuyu. Akaligusa fundo kwa kidole, akaniuliza, "Mama, si zimo?"

Maneno yako yalikuwa tayari mdomoni mwangu, mama. Yalikuwa yamekaa pale miaka yote, hata sikuyaita. Kiganja changu kilikuwa kimeshalifunika fundo.

Nikakiondoa. Nikalifungua lile fundo mbele yake. Akavitazama vikokoto, akakichukua kimoja, akakigeuza.

"Kumbe hatuna," akasema.

"Hatuna," nikamwambia. "Labda Ijumaa."

Akaniomba kile kikokoto, nikampa, akakimbilia uani kuchezea mdako na wenzake. Hakulia. Nami nimekaa hapa nikimsikiliza, na hivi sasa, kabla Bi Mwanaidi hajatoka kuswali, nakwenda kumgongea mlango nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nina saba.

Deni lako limekwisha. Pumzika, mama. Ulichokuwa umekibeba peke yako tumeshakitua, mimi na mjukuu wako.

Mwanao uliyemfungulia mlango,
mama yake Zena.