Vidonge vya Magoti

Chanika

Mwanangu Isack,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Kuku wanataga. Vile vidonge vya glukosamini ulivyonitumia vimenituliza magoti, nikatoa ushuhuda kanisani, na mchungaji nikamgawia nusu chupa.

Jana Jokha wa duka la dawa kasoma lebo. "Mama, hii ni sukari. Wanachemsha maganda ya kamba wa baharini kwenye asidi, ndiyo wanaipata."

Kamba! Mie Msabato, kamba kwetu najisi, sijaonja hata mchuzi wake! Ungeniambia, Isack!

Nikaenda mbio kumwonya mchungaji. Nikamkuta anaruka mtaro kama kijana, anacheka peke yake. Nikamsalimia tu, nikarudi.

Tuma chupa mbili. Lebo zibandue hukohuko.

Mama yako anayekuombea,
Bupe