Uji wa Siku Utakayorudi

Chumba cha nyuma, juu ya karakana ya fundi saa,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko kwenye baridi? Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimekuachia? Mimi ni mzima, ni cherehani yangu tu inayokohoa. Mama si mzima, na ndiyo sababu ya barua hii.

Koo lake limegoma. Wali haupiti, viazi vya kupondwa vinarudi. Muuguzi anayekuja kumgeuza kitandani alishauri tumpe uji laini wa oti. Nilicheka kwa furaha, maana tangu uajiriwe kwenye hicho kiwanda cha oti, hajapita msafiri wa kuja huku usimpe kopo.

Unakumbuka kopo la kwanza? Baba mdogo alitazama ile picha ya suke akasema umemtumia mama yako chakula cha farasi. Mama hakucheka. Ukatuandikia kwamba si ngano wala shayiri, ni nafaka ya peke yake, inapigwa mvuke kisha inabanwa mpaka inakuwa bapa kama ukucha. Mama akawa anawaeleza majirani hivyohivyo, utadhani kailima yeye.

Basi nikavuta sanduku la chini ya kitanda. Kaka, makopo yote yamo, yamefutwa vumbi, na hakuna hata moja lililofunguliwa. Alipokuwa bado na nguvu alikuwa akiniambia nikuandikie kwamba uji ni mtamu, nami nikaandika, nikiamini anaupika nikiwa kazini. Nilimuuliza kwa hasira.

"Hayo ni ya siku atakayorudi mwanangu," akasema kwa sauti iliyombakia. "Nitampikia mwenyewe."

Nikafungua. Wadudu, ukungu, harufu ya mafuta yaliyochacha. Zima lilikuwa moja tu, la mwisho. Nikapika, naye akafumba mdomo. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia. Wapi!

Ndipo nikamwambia umefika, uko bafuni unaoga, umesema yeye aanze kula. Alimaliza bakuli zima, Kaka, macho yake yakiwa mlangoni.

Tangu siku hiyo, nikileta uji ananiuliza uko wapi. Namwambia umetoka kidogo, umekwenda kwa kinyozi. Umeshanyolewa mara nyingi mno, sijui kama kichwani kumebaki kitu. Naona aibu kumdanganya mama yangu, na siwezi kuacha, kwa sababu nikiacha hatakula. Muuguzi amenivuta pembeni akasema nisitegemee kuwa naye muda mrefu.

Tafadhali usitume kopo jingine. Njoo wewe.

Baba mdogo anakusalimu, habari za farasi hazitaji tena. Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama, mapema.

Ukifika usibishe hodi. Ingia tu, kama mtu aliyetoka kwa kinyozi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Sindano