Watoto Kumi na Tisa wa Felix

Ijumaa, Komarock. Jua limechoma tangu asubuhi, na nimerudi nyumbani na furaha mbaya. Sitaki kuificha hapa.

Felix, mkubwa wangu kazini, leo ameonekana mbele ya mkurugenzi kuwa baba wa watoto kumi na tisa.

Nilipanga mimi.

Kampuni yetu ndogo ilitengeneza mfumo wa mtandaoni wa kusajili watoto wa chekechea. Shule ya kwanza kuununua ilitaka jina la baba liwe lazima, na Felix akalishindilia sharti hilo ndani ya modeli, sehemu ya programu inayofaa kueleza tu mtoto ni nani: jina, siku ya kuzaliwa, simu ya nyumbani. Nilimwambia masharti yakae kwenye faili ya pembeni, kila shule iwe na yake. La sivyo shule zote zitabeba sharti la shule moja, na pasipo jina la baba hata namba ya simu haitarekebishika.

Alicheka mbele ya wenzangu wote. "Mwende, wacha drama. Kila mtoto ako na baba."

Mimi nimelelewa na mama peke yake, Kayole. Kila fomu ya shule aliijaza ameinamisha kichwa. Siku ile nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kukaa.

Mwezi uliopita akanipigia simu Mama Zuhura, karani wa chekechea moja huko Kayole. Mfumo ulikuwa umemkatalia mtoto wa tatu asubuhi hiyo, na mama zao wamesimama pale dirishani.

"Sasa niandike nini, mwanangu? Huyu hata hataki kumtaja huyo mwanamume."

Ningeweza kumwambia angoje. Badala yake nikamwambia aandike Felix, na nikamtajia jina lake la pili. Alicheka hadi akakohoa. Wiki hiyo hiyo makarani wenzake wakajua dawa.

Leo Felix mwenyewe aliwaonyesha mkurugenzi na wageni wake orodha ya wazazi kwa projekta ukutani, wenye watoto wengi juu. Jina lake likaongoza.

"Felix, hawa wote ni wako?" mkurugenzi akauliza.

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Yeye hakucheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Aliniangalia, nami nikamwangalia bila kupepesa. Kabla ya chakula cha mchana faili yangu ya masharti, niliyokuwa nimeiandika kitambo, ilikuwa imekubaliwa itumike kwenye mfumo.

Lakini kuna jambo linanichoma. Msichana mmoja alishapewa kadi ya shule yenye jina la Felix. Mama Zuhura anasema mamake aliitazama sana, kisha akaitia mkobani. Huyo mama sikumuuliza kama anataka kutumiwa kwa kisasi changu. Kesho nitaenda Kayole kumwomba msamaha, ana kwa ana.

Felix simwombi.

Mkurugenzi amemwagiza afute jina lake kwa mkono, mtoto mmoja mmoja. Alasiri alikuja mezani kwangu, sauti chini.

"Mwende, sasa hapo kwa baba niandike nini?"

"Usiandike kitu," nikamwambia. "Acha wazi. Itakubali."