Neno Ulilolichekea

Nyumbani kwa Mama,
Nyumba ya kona, nyuma ya duka la vitambaa.
Jumatatu mchana, mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana nikisubiri shikamoo yako itanikuta nimeshazikwa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na binti yenu, hajambo? Baridi ya huko imeshaanza? Ulipokuwa mdogo kila mvua ikinyesha wewe unakohoa, basi vaa vizuri, hata kama leo sikuandikii kwa moyo mweupe.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Kazi ipo. Shule zinakaribia kufunguliwa, na mimi na cherehani yangu tunalala na marinda, tunaamka na marinda. Mgongo unanisema kidogo, ila fundi nguo asiyeumwa mgongo ni fundi mvivu. Mama mguu wake umepungua uvimbe, anakula, anagombana na mpangaji wetu muuguzi kuhusu chumvi. Habari ya masikio yake nitakwambia huko mbele, usiharakishe.

Sasa jipya. Kaa kwanza. Dada yako ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Usicheke. Au cheka tu, kucheka unajua. Chuo kilitangaza masomo ya Kijapani kwa wanaoanza, kila Jumamosi asubuhi, na yeyote ajuaye kusoma na kuandika anakaribishwa. Nikavaa gauni langu la kuendea harusi za watu, nikaenda. Mlangoni binti mmoja akaniamkia kwa adabu zote, akaniuliza, "Mama, unamtafuta mwanao?" Nikamwambia namtafuta wa mdogo wangu, lakini hayumo humu. Akanionea huruma, akaniachia kiti cha mbele.

Mwalimu wetu katoka huko huko uliko. Kijana mwembamba, mpole, Kiswahili chake cha kitabuni: "Ninafurahi mno kuwaona ninyi nyote mkiwa wazima." Wanafunzi wamembandika jina la Taratibu, kwa sababu ndilo neno analolitumia kuliko yote. Akiita majina, kila mtu anaitikia "Hai!" Siku ya kwanza nilishtuka, nikadhani anahesabu waliopona. Kumbe kwao hai ni ndiyo. Basi nami nikaitikia hai, na kweli nilikuwa hai, ingawa kwa shida.

Herufi zao, mdogo wangu, ni balaa. Iko moja imejikunja kama uzi uliokwama kwenye bobini, kila nikiiandika mkono unataka kuchukua mkasi. Mwenzangu wa dawati ni muuza vipuri vya magari, tunamwita Bwana Spea. Yeye alikuja ili aweze kusoma yaliyoandikwa kwenye maboksi ya mzigo wake. Jaribio la kwanza tulianguka wote wawili. Yeye akacheka, akaninunulia chai. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu sikufuata maboksi.

Unajua nilichokifuata. Au hujui? Ngoja nikukumbushe.

Kila Jumapili ulikuwa unapiga simu. Mtoto alipoanza kusema vizuri, Mama akataka asalimiane naye mwenyewe. Alioga, akavaa, akakaa kitini kama mtu anayepokea wageni. Akaanza na utani wa bibi na mjukuu: "Hujambo, mke mwenzangu!" Na kule mtoto akauliza, "Nani?" Mama akasema, "Ni mimi, bibi yako." "Nani?" "Bibi yako, mzaa baba!" "Nani?" Ikawa hivyo Jumapili ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Mama alijitaja, akajitaja, mwisho akataja jina alilopewa na wazazi wake, ambalo hata sisi hatulitamki. Na mtoto bado anauliza nani.

Nawe ulicheka. Nilikusikia vizuri, simu ilikuwa kwenye spika. Ulicheka mpaka ukakohoa, kisha ukamnyang'anya mtoto simu ukasema, "Huyu ni mtoto tu, Mama." Ukahamia kwenye habari za kazi yako.

Mama hakucheka. Aliiweka simu mezani akasema, "Mjukuu ananiuliza mimi nani. Basi mimi si mtu wake." Tangu hapo, ukipiga, ni hujambo, sijambo, ananipa simu mimi. Lile gauni la buluu la marinda aliloniagiza nimshonee mtoto alimpa binti wa jirani. Nimelitazama likipita hapa dirishani mpaka likawa fupi, mpaka wakaligeuza kitambaa cha kufutia meza.

Nikasema potelea mbali, acha nijifunze hiyo lugha, nimweleze mtoto mwenyewe bibi yake ni nani. Ndiyo sababu ya chuo kikuu.

Basi Jumamosi moja Taratibu akaazima futi yangu ya kupimia nguo, akaiinua juu, akatuuliza kwa Kijapani, hii ni nini? Na ndani ya swali lile nikasikia nani. Bwana Spea akadakia kwa Kiswahili, "Si nani, mwalimu, ni futi!" Darasa zima likaangua kicheko. Taratibu naye akacheka, akatueleza. Kwao "nani" maana yake ni "nini". Neno letu "nani", wao wanasema dare. Hata yeye alipofika huku, watu wakimwuliza wewe ni nani, aliona wanamwuliza yeye ni kitu gani. Akaongeza kwamba kwao mtu asiposikia vizuri uliyomwambia, husema tu "Nani?", yaani, unasemaje?

Watu wakazidi kucheka. Mimi nikanyoosha mkono. Nikamwuliza, je, mtoto mdogo yuko kwenye simu, bibi yake anamsemesha, naye anasema nani, maana yake ni nini? Akafikiri, akasema taratibu kama kawaida yake, "Anataka bibi arudie. Hajaelewa. Anapenda kuelewa."

Nikakusanya vitu vyangu nikatoka, hata futi nikaiacha. Nililia kwenye ngazi za chuo mbele ya watoto wa watu, na sikuona aibu.

Mdogo wangu, mtoto wako hakumkana bibi yake. Alikuwa anamwomba arudie. Na wewe ulikaa pale katikati yao, lugha zote mbili zimo kinywani mwako, unajua huyu anasema nini na yule anasikia nini, ukacheka. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Haya, sisi hatukujua. Wewe uliyejua, ulishindwa nini kutuambia? "Mama, nani ya huku ni nini." Basi. Mdomo ungekuuma?

Nimeliwaza sana hili nikiwa kwenye cherehani. Labda mwanzoni uliona ni kichekesho tu, ukasema utatueleza baadaye, ukasahau. Hilo ningelisamehe. Lakini Mama alipoacha kuja kwenye simu hukuuliza kwa nini. Nadhani ulipumua. Bibi na mjukuu wasipoelewana, hakuna wa kukuuliza mtoto anakuja lini, hakuna wa kukuuliza mbona humfundishi hata shikamoo. Wewe, uliyeitwa Kasuku kwa sababu ulisema kabla hujatembea! Nina hasira nawe, na sitaipaka sukari.

Sasa masikio. Yalianza kuondoka mwaka jana. Kwanza hakusikia hodi, kisha redio, na siku hizi mpaka umguse bega. Daktari alimpa kifaa, akakivaa siku chache, akakitupa kwenye kikapu cha vitunguu, eti kinampigia kelele za masufuria. Kwa hiyo siku ile niliyotoka chuo ilibidi nimpigie ukelele sikioni: "Mama! Nani ni nini!" Akanitazama. "Nani ni nini? Mwanangu, hicho chuo kimekupasua kichwa." Nikarudia. "Mtoto alikuwa anauliza unasema nini! Alikuwa hakuelewi! Alitaka useme tena!" Mpangaji alitoka chumbani mbio, akadhani tunapigana.

Mama akaelewa. Nilidhani atafurahi. Akauliza, "Na baba yake alikuwepo?" Nikaitikia kwa kichwa. "Na yeye anayajua hayo maneno?" Nikainamisha uso. Akasema, "Basi, usinijibu." Akaendelea kuchambua mchele wake.

Jumapili tukapiga sisi. Wewe ulikuwa kazini, akapokea wifi, na bila shaka alikuambia. Nikatoa Kijapani changu chote, cha kujitambulisha na kumwomba mtoto. Masikini, alifurahi mpaka akanijibu kwa kasi nisiyoiweza. Akamwita mtoto. Mama akaiweka simu sikioni, akaibana kwa mikono miwili, akasema, "Mke mwenzangu, nisamehe, nilidhani hunijui." Kisha akangoja. Na mtoto alikuwa anasema. Mimi niliyesimama pembeni nilimsikia, sauti imekua, anasema na kusema. Mama hakusikia kitu. Akanipa simu, akaniuliza, "Anasemaje?" Nikasikiliza kwa nguvu zangu zote. Katika yote yale nilidaka neno moja, obaachan, yaani bibi. Nikamwambia Mama, anakusalimu.

Hivyo ndivyo ulivyotuacha. Alipokuwa na masikio hakuwa na wa kumfasiria, na wa kumfasiria alikuwepo, ni wewe. Leo anaye mfasiri wa darasa la kwanza, masikio hana. Na tangu Jumapili ile hujapiga.

Chuo siachi. Futi yangu Taratibu alinirudishia imekunjwa vizuri, na jaribio la pili nimepita, kwa kuponea chupuchupu. Mtoto wako atakua. Siku moja atataka kujua habari za bibi yake, na mimi nitamweleza kwa lugha yake, bila kupitia kwako.

Mjomba fundi viatu anakusalimu, anasema mwenzake wa bao aliyempata baada yako ni mwizi wa kete. Mpangaji anakusalimu. Bwana Spea hakujui, lakini naye kaniambia nikusalimu, mtu mwema yule. Mwambie wifi Kijapani chake kitamu, apunguze mwendo tu. Mtoto mbusu kwa niaba ya shangazi yake.

Mama hakunituma salamu kwako. Nilimwinamia sikioni nikamwambia namwandikia Kasuku, una neno? Akafikiri. Akanyoosha mkono hewani, usawa wa meza, akaniuliza, "Amefika hapa?" Nikasema sijui, Mama. Akaupandisha kidogo. "Hapa?" Nikasema Mama, sijui. Akaurudisha mkono mapajani. "Mwambie masikio yamekwenda, mikono ipo. Amlete nimshike."

Hakusema uje. Alisema amlete. Njoo naye hivyo hivyo, tena upesi.

Mungu akulinde huko uliko, na kila udhuru utakaouwaza akuondolee njiani.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa uchungu,

Dada yako.