Difu ya Zamani Irudi Garini

Mwanangu fundi,

Chai ya mama yako iko kwenye chupa. Dawa mpe baada ya kula, si kabla.

Nimekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kuiwahi difu ya zamani kabla hajaikata. Hiyo mpya uliyonifungia jana ni kazi safi, sikatai. Gari linakwenda kimya kabisa, na hapo ndipo penye shida. Sura yangu imeshampotea mama yako, lakini ule mlio wa difu hakuwahi kuusahau. Akiusikia tu mtaani, huja kunifungulia mlango: “Mzee wangu huyo, kelele zake zimemtangulia.”

Leo asubuhi nimerudi na mkate, mlango haukufunguliwa. Nikaingia mwenyewe. Akaniuliza kwa adabu, “Baba, unamtafuta nani?” Nikasema namtafuta mke wangu. Akanivutia kiti nikae nimsubiri.

~~Usiliguse tena gari langu.~~ Andaa jeki. Jioni tutairudisha ile difu pamoja, na ole wako uuponye ule mlio.

Mama akiniulizia, mwambie atanisikia nikija.

Baba yako